Chesi au poka, ipi inakula akili zaidi? Maswali mnayouliza kila siku

Nimekusanya hapa maswali ambayo nayasikia kila wiki, toka kwa vijana ninaowafundisha chesi, toka kwa wazazi wao, na toka kwa washkaji wa poka ambao wakisikia nacheza chesi wanadhani mi ni profesa fulani hivi. Poka ninayoiongelea humu ni Texas Hold'em, ile ambayo kila mtu anapewa karata mbili za siri halafu tano zinafunguliwa katikati ya meza kwa wote, na dau halina kikomo. Sio lazima usome yote, ruka nenda kwenye swali lako.

Nipe jibu fupi kwanza, ipi ngumu?

Inategemea unaulizia ugumu gani. Kujifunza sheria, chesi inachukua muda zaidi maana kila kipande kina mwendo wake na kuna sheria ndogondogo kibao, wakati poka unaielewa jioni moja. Kukaa kwenye kiti masaa manne ukihesabu bila kupumzisha kichwa, hapo pia chesi. Ila kujua kama ulichofanya leo kilikuwa sahihi au ni ujinga mtupu, poka ndio balaa, na kwangu mimi huo ndio ugumu unaozidi wote. Chesi ukikosea unachapwa palepale. Poka unaweza kucheza hovyo ukaondoka na hela za watu, halafu ukacheza vizuri mwezi mzima ukaliwa mpaka nauli. Majibu mengi huko chini yanarudi hapohapo, mnivumilie.

Tofauti yenyewe hasa ni nini, si yote ni michezo ya akili?

Kwenye chesi hakuna kilichofichwa. Vipande 32, vyumba 64, unachokiona wewe na mwenzako anakiona. Poka ina siri mbili: karata alizoshika mwenzako, na karata ambazo bado hazijafunguliwa.

Wazee wa bao wananielewa haraka sana hapa, kwa sababu bao la kiswahili liko upande wa chesi kabisa: mashimo 32, kete 64, hata zile 22 ambazo kila mmoja anaanza nazo pembeni kwa ajili ya kunamua zinajulikana idadi. Ndio maana fundi wa bao ananyamaza, anahesabu kete zitazunguka ziishie wapi, zile nyumba ale au aache, na akipoteza hana wa kumlaumu. Poka iko upande wa karata za kijiweni, unaangalia mwenzako katupa nini, kakosa nini, unakisia kabaki na nini mkononi.

Sasa hilo linabadilisha hata swali unalojiuliza kichwani. Kwenye chesi unajiuliza hatua bora ni ipi, na jibu lipo, hata kama wewe hulioni. Kwenye poka unajiuliza jamaa kwa jinsi alivyocheza toka mwanzo anaweza kuwa na karata zipi ZOTE, na kila moja ina uzito gani. Karata mbili za kuanzia zinaweza kupangwa kwa njia 1,326 (ukizikusanya kwa thamani na kwa kuangalia kama mbili hizo ni za ua moja au la, zinabaki aina 169), na kazi yako ni kuanza na rundo lote hilo kisha kulipunguza kila anapoweka dau au anapopita. Anayeanza anakurupuka, "huyu ana ree mbili!", anamshikilia jamaa na karata moja tu kichwani. Aliyekomaa anabeba rundo zima mpaka mwisho.

Kwani poka si bahati tu?

Mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, ndio, bahati kubwa sana. Miaka miwili ya kucheza, hapana. Shida watu wanapima kwa usiku mmoja.

Chukua mfano huu. Umepewa ree mbili, mkono bora kabisa, unaokuja mara moja kwa kila mikono 221 kwa wastani. Mwenzako ana wafalme wawili, mkaingiza chipu zote kabla hata karata ya mezani haijafunguliwa. Umecheza vizuri? Huwezi kucheza vizuri zaidi ya hapo. Na bado karibu mara 1 kati ya 5 unapoteza kila kitu. Ukiwa na ree hizohizo ukaziacha ziingie na watu wanne wenye karata zozote, zinashinda kama 56% tu ya mara, yaani wale wanaowaita watu wote ndani "ili chungu kikue" (chungu ni hela zote zilizowekwa katikati) wanajiumiza wenyewe halafu wanasema karata zimerogwa.

Halafu linganisha na chesi. Mfumo wa pointi wa Elo, ambao FIDE, shirikisho la chesi duniani, wanautumia toka 1970, unasema mkipishana pointi 400 basi yule wa juu anategemewa kuvuna kama pointi 91 kwenye michezo 100. Na pengo likizidi hapo hali ni mbaya zaidi: mimi nikikaa na gwiji wa kweli naweza kucheza naye kuanzia asubuhi mpaka jioni na sitapata hata sare ya kubahatisha. Ila kwenye meza ya poka, mtu aliyejifunza jana anaweza kumfilisi bingwa wa dunia leo usiku, na wala haitakuwa muujiza.

Sasa sikiliza hii hesabu maana ndio inayotisha. Mchezaji mzuri wa mtandaoni tuseme anapata faida ya dau kubwa la kuanzia (lile la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa) mara 5 kwa kila mikono 100. Kupanda na kushuka kwa kawaida kwenye mikono 100 hiyohiyo ni kama mara 90. Ukipeleka mpaka mikono 10,000 anategemea faida ya 500, lakini mawimbi ni 900 kwenda juu au chini. Kwa hiyo mtu MZURI, anayecheza sawasawa, ana uwezekano wa zaidi ya robo kuwa kwenye hasara baada ya mikono elfu kumi. Kwenye meza ya kawaida ya watu na karata za kushika mnacheza labda mikono 30 kwa saa, piga hesabu mwenyewe ni miezi mingapi hiyo ya kwenda na kurudi huku hujui kama wewe ni mzuri au unajidanganya.

Hesabu za poka ni ngumu? Mimi hesabu zilinishinda toka form two.

Sio ngumu, ni za kutoa na kugawanya, ila unazifanya huku mtu anakukodolea macho na hela yako iko katikati.

Mfano wa kila siku. Chungu kina 10,000. Mpinzani anaweka 5,000. Wewe ukitaka kuendelea unalipa 5,000 ili ushindanie jumla ya 20,000, kwa hiyo unahitaji uwe unashinda angalau 25% ya mara ili usipate hasara. Una karata mbili za kopa, mezani kuna kopa mbili nyingine, unasubiri ya tano maana tano za ua moja ni mkono mzito. Zimebaki kopa 9 ambazo hujaziona. Kama imebaki karata moja tu kufunguliwa, uwezekano wako ni 9 kwa 46, chini kidogo ya 20%. Haifiki 25, tupa karata, labda uwe na uhakika kwamba ukiipata huyo jamaa atakulipa dau lingine zito. Kama zimebaki mbili kufunguliwa unakaribia 35%, hapo hadithi nyingine. Njia ya mkato wanayotumia wengi ni kuzidisha karata zinazokufaa kwa 2 ikibaki moja, kwa 4 zikibaki mbili. Inatosha kabisa.

Ugumu uko kwenye ile "labda". Hesabu inakupa 20 na 25, lakini je huyu ni mtu wa kulipa au wa kukimbia? Hakuna kikokotoo cha hilo.

Wachezaji wa chesi wanaona hatua ngapi mbele? Nasikia ishirini.

Hadithi za vijiweni hizo. Kuna nafasi ambazo unaweza kuhesabu hatua ishirini, hasa mwisho wa mchezo vipande vikiwa vichache na kila jibu ni la lazima. Katikati ya mchezo kwa kawaida kuna hatua halali kama 30 mpaka 35 kila zamu, ukijaribu kuzifuata zote unapotea baada ya hatua mbili tatu. Hata mwanzo tu, kila mmoja ana hatua 20 za kuanzia, mkishacheza moja moja tayari kuna njia 400.

Siri ni kwamba mtaalamu haoni mbali kuliko wewe kwa kiasi unachofikiria, anaona VICHACHE ila vile vya maana. Mholanzi Adriaan de Groot alilichunguza hili miaka ya 1940, akakuta magwiji hawahesabu kwa kina zaidi sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida, ila wanatua kwenye hatua sahihi mapema. Halafu 1973 William Chase na Herbert Simon, Wamarekani, wakafanya jaribio ambalo mi nalipenda mpaka leo: unamwonyesha mtu ubao kwa sekunde chache, unaufunika, unamwambia aupange upya. Ubao wa mchezo halisi, bingwa anarudisha karibu kila kipande na anayeanza anaambulia vichache tu. Wakavuruga vipande ovyo ovyo bila mpango, bingwa akawa karibu sawa na anayeanza. Maana yake sio kwamba ana kumbukumbu ya ajabu, ana maelfu ya mipangilio anayoijua kama sura za watu wa mtaani kwake.

Kwa hiyo mzigo wa chesi ni huu: miaka mingi ya kujaza mipangilio kichwani, kisha siku ya mechi kuhesabu kwa usahihi bila kuteleza HATA MARA MOJA. Hilo la mwisho ndio linaua watu. Mchezo wa 14 wa ubingwa wa dunia, Singapore, Desemba 2024, Ding Liren alikuwa na nafasi ambayo ilikuwa inaelekea sare, akasogeza ruku kwenye chumba cha f2 ili wabadilishane. Baada ya ruku kutoka, bishopu wake aliyekuwa amebanwa kule kona ya a8 akalazimishwa naye kubadilishana, ikabaki vita ya kingi na poni, na hiyo ilikuwa imeshapotea. Mpinzani wake, Gukesh wa India, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Hatua moja. Hakuna mtu duniani aliyehitaji mikono elfu kumi kujua kama ilikuwa nzuri au mbaya.

Kublafu ni kuwa mwongo mzuri tu, au kuna akili ndani yake?

Kuna akili nyingi tena za hesabu, na hapa ndipo watu wa sinema wanapotupoteza, wanadhani ni kukaza uso na miwani nyeusi.

Fikiria hivi. Kama sikublafu (kujifanya nina karata nzuri wakati sina) hata siku moja, basi kila nikiweka dau kubwa unatupa karata, na mikono yangu mizuri hainilipi chochote. Nikiblafu kila saa, unanifuata kila saa, nakwisha. Kwa hiyo lazima nichanganye kwa kiasi ambacho hata ukikijua hakikusaidii. Mfano mwisho wa mkono nikiweka dau sawa na chungu, wewe unalipa moja kushindania tatu, unahitaji kuwa sahihi theluthi moja ya mara. Basi mimi nikihakikisha kwamba kati ya madau yangu ya namna hiyo theluthi moja ni uongo na theluthi mbili ni kweli, ufuate usifuate ni ileile. Hii sio ujanja wa kijiweni, ni kitu ambacho John von Neumann alianza kukifanyia hesabu mwaka 1928, na kwenye kitabu alichotoa na Oskar Morgenstern 1944 poka ina sehemu yake kabisa. Mtu huyohuyo alishiriki kujenga misingi ya kompyuta, kwa hiyo kama mjomba anakwambia poka ni ya wahuni tu, mpe jina hilo.

Chesi haikuombi ufanye hivi kabisa. Kwenye chesi hatua ikiwa bora ni bora kila siku, icheze tu. Kwenye poka unakuwa na mkono uleule, nafasi ileile, na jibu sahihi ni wakati mwingine hivi, wakati mwingine vile. Nimewaona wachezaji wa chesi wanakasirika wakisikia hili, wanahisi wanadanganywa.

Ila kublafu kwa watu wa nyama na damu kuna upande mwingine pia. Cheki mwaka 2003, fainali ya World Series of Poker kule Las Vegas, wamebaki wawili. Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa tiketi aliyoshinda mtandaoni kwenye shindano dogo la dola 86, dhidi ya Sam Farha ambaye poka ndio ilikuwa kazi yake. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na 7. Mezani kuna 9, 6 na 8, zote shupaza, na 2 ya uru, yaani anasubiri shupaza moja au 5 au 10 akamilishe. Karata ya mwisho inakuja 3 ya kopa, hajapata kitu. Hana hata jozi. Anasukuma chipu zote. Farha ana jozi ya 9, anashinda pale, anawaza wee, hata anamwambia mwenzake kwa sauti kwamba nahisi umekosa shupaza zako. Kisha anatupa karata. Alijua, na bado akatupa! Hesabu zilikuwepo, lakini kilichomsukuma ni kwamba akifuata akakosea mashindano yote yameisha kwake. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5.

Chesi haina kublafu kabisa?

Ipo kidogo. Mikhail Tal, bingwa wa dunia 1960, alikuwa anatoa vipande sadaka ambazo baadaye watu wakikaa nyumbani wanakuta hazikuwa sahihi, lakini mpinzani saa inakimbia hawezi kuona njia ya kutoka. Huko kwetu pia kuna wanaoweka mtego wakati mwenzao amebakiwa na sekunde. Ila mwenzako akiwa na muda na utulivu, ukweli uko mbele yake ubaoni, ndio tofauti.

Hasira na presha je? Wapi mtu anachanganyikiwa zaidi?

Watu wa poka wana neno lao, tilti: umepigwa na bahati mbaya, damu inachemka, unaanza kucheza kila karata ili urudishe hela yako. Naamini tilti imefilisi watu wengi kuliko ujinga. Na sababu ni ileile ya mwanzo, umecheza VIZURI na umeadhibiwa, ubongo wa binadamu haukubali kitu kama hicho, unatafuta wa kulipa.

Chesi ina tilti yake, na ni ya kimyakimya. Dubai, Novemba na Desemba 2021, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi wanagombea ubingwa wa dunia. Michezo mitano ya kwanza yote sare. Wa sita ukaenda hatua 136, masaa karibu nane, mrefu kuliko wote kwenye historia ya ubingwa wa dunia, Carlsen akashinda. Baada ya hapo Nepo hakuwa mtu yuleyule. Mchezo wa tisa akasukuma poni yake kwenda c5 haraka tu, Carlsen akajibu kwa kusogeza poni yake c6, na bishopu wa Nepo aliyekuwa kule b7 akafungiwa njia zote. Kitu ambacho mchezaji wa klabu anakiona. Ikaisha 7.5 kwa 3.5. Hapo hakuna karata ya kulaumu, hakuna mtu aliyekuibia, ni wewe na mkono wako ulioshika ile poni, na kesho yake unarudi kukaa kiti kilekile.

Kwa mwili pia usidharau. Karpov na Kasparov walianza kugombea ubingwa wa dunia Septemba 1984 Moscow, wakacheza michezo 48 mpaka Februari 1985, 40 kati ya hiyo sare, mpaka rais wa FIDE Florencio Campomanes akasimamisha bila mshindi, na Karpov alikuwa amekonda waziwazi. Zile habari za "kukaa kwenye chesi unaunguza kalori 6,000 kwa siku" msizibebe kama zilivyo, zimetiwa chumvi.

Poka inachosha kwa namna ya kuboa. Unatupa karata, unatupa, unatupa, masaa mawili hujacheza kitu, halafu ghafla dakika moja inaamua usiku wako. Kuvumilia kuboeka bila kuingia na karata mbovu, hicho ni kipaji kabisa.

Kompyuta imeshaimaliza ipi?

Kuishinda binadamu, zote. Kuimaliza, yaani kujua jibu kamili toka mwanzo mpaka mwisho, hapana kwa chesi, na poka ni kwa aina moja ndogo tu.

Deep Blue ya IBM ilimshinda Kasparov 1997. Poka ya dau lisilo na kikomo ilibidi isubiri miaka 20 zaidi: Januari 2017 programu ya Libratus ilikaa Pittsburgh siku 20 na wataalamu wanne, mikono 120,000, ikawapiga wote. Halafu 2019 ikaja Pluribus, ikawashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita. Ile aina ndogo ni ya watu wawili na madau yenye kikomo, watafiti wa Kanada walitangaza 2015 kwamba kimsingi wameimaliza.

Mbona poka ilichelewa wakati inaonekana ya kijinga? Sababu kwenye chesi mashine inaangalia nafasi iliyopo na kusonga mbele, haina haja ya kujua mmefikaje pale. Kwenye poka haiwezi kuamua nafasi hii peke yake, lazima ifikirie pia mikono mingine yote ambayo ingeweza kuwa nayo, na mwenzake anadhani ina nini. Mizunguko juu ya mizunguko.

Mtu wa chesi akihamia poka anafaulu?

Wapo waliofaulu vizuri tu. Dan Harrington, bingwa wa World Series ya 1995, alikuwa mchezaji wa chesi wa ngazi ya "master" kabla. Jennifer Shahade alikuwa bingwa wa wanawake Marekani mara mbili kwenye chesi kisha akawa mchezaji wa poka anayejulikana. Ylon Schwartz, mtu wa chesi za bustanini New York, alishika nafasi ya 4 kwenye mashindano makuu ya World Series ya 2008. Alexander Grischuk wa Urusi amecheza zote, na Carlsen mwenyewe anaonekana kwenye meza za poka.

Wanachokuja nacho ni nidhamu ya kusoma, uvumilivu, na tabia ya kuchambua mchezo baada ya kuisha. Kinachowaangusha ni kutaka uhakika. Mtu wa chesi akipoteza anauliza "nilikosea wapi?", na kwenye poka jibu mara nyingine ni kwamba hukukosea popote, lala. Hawalali.

Kinyume chake, mtu wa poka kuhamia chesi ukubwani, aisee ni kazi. Ile mipangilio ya kichwani haina njia ya mkato, na waliojifunza wakiwa na miaka saba wamekutangulia sana.

Mwanangu ana miaka tisa, nimuanzishe na ipi ili apate akili ya darasani?

Chesi, bila kufikiria mara mbili, poka ya hela sio ya mtoto. Ila kuhusu akili ya darasani punguza matarajio. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwenye shule 100 za msingi, matokeo yakatoka 2016, na mwaka mmoja baada ya mafunzo ya chesi hawakuona tofauti kwenye hesabu wala kusoma ukilinganisha na watoto ambao hawakufundishwa. Najua makocha wenzangu hawapendi niliseme hili, kwenye vipeperushi vyetu tunaandikaga "chesi inaongeza hesabu" kama vile ni aya.

Mfundishe kwa sababu nyingine. Anajifunza kukaa, kupoteza bila kulia, kuheshimu mwenzake. Na milango inaweza kufunguka, Phiona Mutesi alijifunzia Katwe, Kampala, kwenye programu ya Robert Katende ambako watoto walikuwa wanapewa uji, na mwaka 2012 akapata cheo cha FIDE kwenye Olimpiki ya chesi Istanbul. Sio kila mtoto atakuwa Phiona, lakini ubao na vipande havikugharimu kitu kikubwa.

Poka si kamari? Dini na sheria zinasemaje?

Ya hela ni kamari, hata kama ujuzi unashinda kwa muda mrefu. Kwa Waislamu kamari ni haramu, hapo sina la kuongeza. Kuhusu chesi isiyo na dau wanazuoni wamehitilafiana, muulize shehe wako. Kisheria kwa Tanzania michezo ya kubahatisha ina Bodi yake na chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Nchi nyingine fuata za huko.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kucheza bila hela kabisa. Mnaweza, ila chipu za bure zinaharibu mchezo, kila mtu anasukuma zote kila mkono maana hakuna kinachouma. Ifanyeni shindano: kila mtu chipu sawa, zikiisha umetoka hurudi. Hapo kuishiwa kunauma na watu wanaanza kufikiri.

Nataka kujua kama nina maendeleo, nafanyaje?

Chesi ni rahisi. Cheza Lichess, tovuti ya chesi, ni bure, mchezo ukiisha usikimbilie mashine, kaa dakika kumi jiandikie mwenyewe wapi unadhani mambo yaliharibika, ndio ufungue uchambuzi. Namba yako ya pointi itakwambia mengine.

Poka, chukua daftari. Kila mkono mkubwa uandike MPAKA pale ulipofanya uamuzi, halafu simama, usiandike nani alishinda. Nani alikuwa kwenye nafasi gani, chungu kilikuwa ngapi, dau ngapi, ulidhani mwenzako ana rundo gani la karata, ukafanya nini. Baada ya wiki mpe rafiki anayejua asome. Asipojua mwisho wake atahukumu uamuzi wako, akijua atahukumu matokeo tu, hata awe mkweli vipi. Wengi nimewaambia wafanye hivi, wengi hawafanyi, wanaandika "nimepigwa na riva tena!!" (riva ni karata ya mwisho ya mezani) basi.

Naweza kujifunza zote mbili kwa pamoja?

Unaweza, ila usizicheze siku moja ukiwa bado unaanza. Ukitoka kwenye poka ukakaa kwenye chesi unakuwa mwepesi, unacheza hatua ya "labda haoni", na anaona. Chesi asubuhi kichwa kikiwa na nguvu, poka wikiendi na washkaji, na hela ya poka iwe ile uliyoshaiaga.